Hofu ya Kurudi Shule: Tuipunguze kwa Malengo Madogo

Tumezoea kusikia kwamba afya ni chakula bora, maji safi na choo. Hayo ni kweli. Lakini mtu ana mwili, na pia ana akili. Akili ikisumbuka, mwili nao husumbuka. Somo la leo linahusu hofu ya kurudi shule. Tutaona jinsi mzazi anavyoweza kumsaidia mtoto wake kuipunguza hofu hiyo bila fimbo na bila gharama.

Shule zetu huanza mwaka mpya mwezi wa Januari. Siku hizo nyumba nyingi huwa na shughuli. Sare zinafuliwa. Madaftari yananunuliwa. Lakini katika nyumba nyingine yuko mtoto asiye na furaha. Jumapili jioni hataki kula. Usiku hapati usingizi. Jumatatu asubuhi anasema tumbo linamwuma. Saa nne, wenzake wakiwa darasani, tumbo limepona na anacheza uani.

Wazazi wengine husema, "Mtoto huyu ni mvivu," wakachukua fimbo. Wengine humwonea huruma wakamwacha abaki nyumbani. Fimbo haisaidii. Kumwacha nyumbani nako hakusaidii. Tuone sababu.

HOFU NI KITU GANI?

Hofu si uvivu. Hofu ni ulinzi wa mwili. Ukiwa njiani ukakuta nyoka, moyo hupiga mbio. Unahema haraka. Viganja hutoa jasho. Ubongo umeuambia mwili ujitayarishe kukimbia au kupigana. Damu nyingi huenda kwenye misuli ya miguu na mikono. Tumbo hupunguza kazi yake. Ndiyo maana mtu mwenye hofu husikia tumbo limevurugika.

Mtoto anayeogopa shule hupatwa na mambo hayo hayo. Hakuna nyoka, lakini mwili wake umejitayarisha kama kwamba yupo. Kwa hiyo maumivu yake ni ya kweli. Hasemi uongo.

Dalili za hofu ya shule ni hizi:

1. Kuumwa tumbo au kichwa asubuhi ya siku ya shule.
2. Kukosa usingizi, au kuota ndoto mbaya.
3. Kukosa hamu ya kula.
4. Kulia, kukasirika haraka, au kunyamaza sana.
5. Mtoto mdogo aliyekwisha acha kukojoa kitandani kuanza tena.
6. Kuondoka nyumbani na sare, lakini asifike shuleni.

Angalia sana hapa. Dalili nyingine zaweza kuwa za ugonjwa. Mtoto mwenye homa, anayetapika au kuharisha, mpeleke zahanati. Apimwe malaria. Usiseme "ni hofu tu" kabla hajapimwa. Lakini kama maumivu huja asubuhi za siku za shule, na Jumamosi hayapo, basi yaelekea ni hofu.

KWA NINI KUBAKI NYUMBANI HUONGEZA HOFU?

Mtoto akiambiwa, "Haya, leo baki," hupata nafuu mara moja. Moyo hutulia. Tumbo hupona. Lakini akili yake imejifunza jambo baya. Imejifunza kwamba dawa ya hofu ni kukimbia. Kesho yake hofu hurudi ikiwa na nguvu zaidi. Tena sasa kuna somo la jana ambalo hakulisikia.

Siku moja huwa tatu. Siku tatu huwa wiki. Wiki huwa mwezi. Halafu mtoto huona haya kurudi, kwa sababu ataulizwa alikuwa wapi. Mwishoni huacha shule kabisa. Binti hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani, au huozwa. Kijana huenda kuchunga au kubeba mizigo. Watu husema, "Shule ilimshinda." Kumbe hakushindwa na masomo. Alishindwa na hofu ya wiki ya kwanza.

LENGO LINASAIDIAJE?

Wewe ni mkulima. Unajua habari ya magugu. Ukisimama kwenye ukingo wa shamba la ekari 2 lililojaa magugu, ukalitazama lote, mikono hulegea. Lakini ukipima ngwe ya leo, ukaambiwa, "Palilia hapa tu," unainama na kuanza. Ukimaliza unajinyoosha na kutazama nyuma. Unaona kazi uliyoifanya. Kesho unachukua ngwe nyingine.

Hofu ya shule ni kama shamba lile. Mtoto hutazama yote kwa mara moja: walimu wageni, masomo magumu, njia ndefu, wenzake wasiomjua, mitihani. Hajui aanzie wapi. Lengo dogo ni ngwe. Humwonyesha mahali pa kuanzia. Akimaliza, huona kwa macho yake kwamba ameweza. Hofu hupungua kwa kutenda. Maneno ya "usiogope" peke yake hayatoshi.

Njia hii si ngeni kwetu. Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vya kisomo vilikusanyika kusikiliza redio. Vikasoma kitabu na kujadiliana. Kisha kila kikundi kiliamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kufukia madimbwi. Watu hawakuambiwa wamalize magonjwa yote kwa siku moja. Walianza na shimo moja la choo. Nasi tuanze hivyo na watoto wetu.

ALAMA TANO ZA LENGO ZURI

1. Liwe dogo. Mtoto aone kwamba analiweza wiki hii.
2. Lihesabike. "Nitajitahidi" halihesabiki. "Nitasoma kurasa 2" linahesabika.
3. Liwe katika uwezo wake mwenyewe. "Niwe wa kwanza darasani" si lengo zuri kwa mwenye hofu, kwa maana linategemea pia alama za wengine. "Nitauliza swali 1 kila wiki" liko mikononi mwake.
4. Liwe na siku yake na saa yake.
5. Alichague yeye. Mzazi asaidie, asiamuru. Lengo la kuamriwa huongeza hofu.

MFANO

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 14. Tumwite Neema. Amemaliza shule ya msingi. Amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya kata, kilometa 5 kutoka nyumbani. Tangu mtihani wa Septemba hajaingia darasani. Shule ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili. Sekondari walimu watafundisha kwa Kiingereza. Sasa ni mwanzo wa Desemba, na Neema halali vizuri. Mama yake anasoma kisomo. Jioni wanapukuchua mahindi pamoja.

Mama: Neema mwanangu, naona siku hizi hulali. Una nini?

Neema: Sina kitu, Mama.

Mama: Haya. Mimi nilipoanza kisomo niliogopa kuandika ubaoni mbele ya watu. Mkono ulitetemeka hata chaki ikaanguka. Je, wewe kule sekondari unaogopa nini?

Neema: Kiingereza. Mwalimu ataniuliza, nami sitaelewa. Wenzangu watanicheka.

Mama: Chukua punje hizi kumi. Kama hofu ya Kiingereza imejaa kabisa, weka zote kumi hapa mkekani. Kama ni kidogo, weka chache.

Neema (anaweka punje 8): Nyingi hivi.

Mama: Na kitu kingine?

Neema: Njia. Ni ndefu, na pale mtoni pana vichaka. (Anaweka punje 6.) Tena sina rafiki kule. (Anaweka punje 5.)

Mama: Nimesikia. Basi si jambo moja, ni mambo matatu. Kila moja tulitafutie ngwe yake. Tuanze na lipi?

Mama huyu amefanya mambo manne mazuri. Hakucheka. Hakusema, "Mbona dada yako hakuogopa?" Aliigawa hofu kubwa katika mafungu. Tena aliipima kwa punje za mahindi, kitu ambacho kila nyumba inacho.

Neema na mama yake wakaandika malengo haya kwenye karatasi, wakaibandika ukutani:

Lengo la Kiingereza: Kila siku jioni, maneno 5. Neema atayatoa katika kitabu chake cha Kiingereza cha shule ya msingi. Atayasema kwa sauti na kuyaandika. Kwa wiki 4, yaani siku 28, atakuwa na maneno 140. Tena atajifunza sentensi 3 za Kiingereza: ya kuomba ruhusa ya kutoka, ya kusema hakuelewa, na ya kumwomba mwalimu arudie.

Lengo la njia: Kwenda mpaka shuleni mara 3 kabla ya kufunguliwa. Mara ya kwanza pamoja na mama. Mara ya pili pamoja na wenzake wa kijijini. Mara ya tatu pamoja na wenzake tena, na saa ile ile ya asubuhi watakayoondoka siku za shule.

Lengo la marafiki: Kuwatafuta wasichana 2 wa kijiji au vitongoji vya jirani waliochaguliwa shule ile ile, wakubaliane mahali pa kukutana kila asubuhi.

Lengo la usingizi: Wiki 2 kabla ya shule, kulala saa 3 usiku na kuamka saa 11 alfajiri. Hizo ni saa 8. Mtoto wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Mtoto aliyelala kidogo huogopa upesi na hujifunza polepole.

Kila lengo likitimia, Neema huchora mstari mmoja wa mkaa kando ya karatasi. Kila Jumapili huweka tena punje mkekani. Wiki ya kwanza Kiingereza kilikuwa punje 8. Wiki ya pili 7. Wiki ya nne 4. Hazikwisha, na si lazima ziishe. Mtu mwenye punje 4 anaweza kwenda shule.

SIKU YA KWANZA SHULENI

Siku hiyo hofu hupanda tena. Mwambie mtoto mapema kwamba itapanda, kisha itashuka. Mfundishe kuhema polepole. Avute pumzi kwa pua akihesabu mpaka 4. Aitoe polepole akihesabu mpaka 6. Arudie mara 10. Moyo hutulia.

Tena mpange malengo ya siku hiyo yanayoanza na jambo litakalotokea. Kwa mfano:

Kengele ya mapumziko ikilia, nitamwuliza mwenzangu mmoja jina lake.

Mwalimu akisema jambo nisiloelewa, nitaweka alama kwenye daftari, nimwulize baada ya kipindi.

Mtu akinicheka, nitahema mara 3, niendelee na kazi yangu.

Lengo la namna hii husaidia sana, kwa sababu mtoto haanzi kufikiri akiwa ameshikwa na hofu. Amekwisha amua tangu nyumbani.

Akirudi jioni usimwulize, "Umekuwa wa ngapi?" Mwulize, "Katika malengo yako ya leo, ni lipi limetimia?" Msifu kwa kazi aliyoifanya. Sifa haina bei, lakini huongeza nguvu.

LENGO LIKIKOSA KUTIMIA

Siku nyingine lengo halitatimia. Usimgombeze mtoto. Punguza ngwe. Kama maneno 5 yamemshinda, yawe 3. Kama aliogopa kumwuliza mwalimu mbele ya darasa, amwulize nje baada ya kipindi. Yule asiyeweza kukaa siku nzima darasani, panga na mwalimu wake aanze kwa saa chache, halafu aongeze kila siku. Lakini aende kila siku. Tunapunguza ukubwa wa hatua. Hatuachi kupiga hatua.

MZAZI NAYE AWE NA MALENGO

Watoto wengi hawaogopi masomo. Wanaogopa kufukuzwa au kuchekwa kwa kukosa vitu. Tangu Januari 2016 hakuna ada katika shule za msingi na za sekondari za Serikali hadi kidato cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari ni kazi ya mzazi.

Hapa nawe pima ngwe yako. Tuseme sare na madaftari ya mtoto yanahitaji shilingi 32,000, na zimebaki wiki 8. Gawa. Kila wiki unahitaji shilingi 4,000. Hizo waweza kuzipata kwa kuuza mayai au mboga. Mwonyeshe mtoto hesabu hiyo, na umwonyeshe fedha zinavyoongezeka. Akiona baba na mama wanatimiza malengo yao, naye atatimiza yake.

Lengo jingine la mzazi ni kumjua mwalimu wa darasa la mtoto. Nenda mara moja katika wiki mbili za kwanza. Mweleze kwamba mtoto wako ana hofu. Mwalimu akijua atamsaidia.

HOFU YENYE SABABU

Hapa tusikosee. Kuna hofu ambayo malengo hayaiponyi, kwa sababu kuna nyoka wa kweli. Mwulize mtoto taratibu, mkiwa wawili:

Je, kuna mtu anayempiga au kumtisha? Je, kuna mtu mzima anayemshika vibaya au kumtaka, njiani au shuleni? Je, anakaa na njaa mchana kutwa? Je, haoni ubaoni, au hasikii vizuri? Je, binti anakosa taulo za kike siku za hedhi?

Ukipata jibu, usimwambie mtoto avumilie. Ondoa sababu. Asiyeona au asiyesikia apelekwe kupimwa. Mambo ya kupigwa na kuonewa mwone mkuu wa shule. Mambo ya kushikwa au kutakwa kimapenzi ni kosa la jinai. Toa habari kwa mtendaji wa kijiji, kwa ofisa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Hapa Tanzania iko pia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116. Kupiga simu hiyo ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Tena, kama hofu imezidi wiki mbili na haipungui, au mtoto amekonda, au amejitenga na watu wote, mpeleke kituo cha afya. Kama anasema anataka kufa au kujiumiza, usingoje kesho. Usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

WANAORUDI BAADA YA MUDA MREFU

Wako mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, pamoja na ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mlango uko wazi, lakini wengi wanaogopa kuupita. Wanaogopa maneno ya watu. Wanawaza nani atamlea mtoto.

Nao wasaidiwe kwa ngwe. Wiki ya kwanza: kumpata bibi au shangazi wa kukaa na mtoto. Wiki ya pili: kwenda na mzazi kumwona mkuu wa shule. Wiki ya tatu: kuazima madaftari ya mwenzake na kuanza kusoma. Wiki ya nne: kuvaa sare na kwenda. Nasi majirani tuwe na lengo letu moja: kutomcheka.

KUMBUKA

1. Hofu ya shule si uvivu. Maumivu yake ni ya kweli.
2. Mwenye homa apimwe kwanza.
3. Kubaki nyumbani huleta nafuu ya leo na hofu kubwa ya kesho.
4. Gawa hofu katika mafungu. Kila fungu lipate lengo dogo linalohesabika.
5. Mtoto achague lengo. Mzazi asaidie na kusifu.
6. Lengo likishindikana, lipunguzwe. Lisiachwe.
7. Kama kuna anayemwonea mtoto, kwanza mwonezi azuiwe.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, katika kijiji chenu wako watoto walioacha shule wiki za kwanza? Wanafanya nini sasa?
2. Kwa nini "niwe wa kwanza darasani" si lengo zuri kwa mtoto mwenye hofu?
3. Njia ya kwenda shuleni kwenu ina hatari gani? Kikundi chenu kinaweza kufanya nini juu yake kabla ya Januari?
4. Kila mmoja aandike lengo 1 atakalolitimiza wiki hii kwa ajili ya mtoto wake. Wiki ijayo someni malengo hayo kwa sauti, mhesabu yaliyotimia.

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, msomee jirani ambaye hajajua kusoma. Kisha leo jioni chukua punje kumi za mahindi, ukae na mtoto wako.